VYETI WANATAKA, MISHAHARA HAWATAKI!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Singida

Kijana mwenzangu, kabla hujafungua ukurasa wa michezo, nipe dakika 10 zako. Nina swali moja tu, na kama unalo jibu, wape na wenzako hapo kijiweni. Ni kazi gani katika nchi hii ambayo ili uipate sharti uwe umemaliza kidato cha nne, uwe mkazi wa mtaa ule ule, usimamishwe mbele ya wananchi wakuchague, kisha usomeshwe kwa miezi kadhaa, halafu ukishamaliza yote hayo unaambiwa wewe ni mtu wa kujitolea?

Ulinzi? Hapana. Mlinzi wa duka pale Ipembe analipwa, hata kama ni kidogo. Upagazi? Hapana. Mpagazi wa stendi ya Misuna hagusi gunia lako la vitunguu mpaka mpatane bei. Ukonda? Konda haulizwi cheti, na jioni anaondoka na chake mfukoni.

Kazi hiyo, ndugu msomaji, ni ya kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake.

Namzungumzia yule anayeingia nyumba ya watu saa 1 asubuhi, wenye nyumba wakiwa shambani au sokoni, akamkuta mzee aliyepooza upande mmoja amelala kwenye godoro lililolowa. Anamgeuza. Anamwosha. Anamkagua mgongo na visigino kama vidonda vya kulalia vimeanza, maana mgonjwa asiyejiweza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2, na nyumba isiyo na mtu nani atamgeuza? Akitoka hapo anakwenda kuhesabu vidonge vya TB vilivyobaki kwa jirani, kwa sababu dozi ya miezi 6 ikikatishwa ugonjwa unarudi ukiwa sugu, tena unarudi kwa mtaa mzima. Anamtazama nyayo mama mwenye kisukari. Anamwonyesha mjukuu namna ya kumketisha mgonjwa wa kiharusi wakati wa kumlisha uji, asije akapaliwa. Kisha anaandika kwenye daftari lake na kupanda baiskeli kwenda nyumba nyingine.

Mtu wa namna hiyo ukimwita "mtu wa kujitolea" unamtukana. Na nchi inayomwekea masharti ya kazi kisha ikamkatalia haki za mfanyakazi ina deni kwake. Deni hilo ndilo ninalolidai leo.

MAJINA MENGI, MFUKO ULE ULE

Hebu turudi nyuma kidogo, maana wakubwa wetu hupenda sana tusahau.

Septemba 1978 mataifa ya dunia yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, yakatamka kwamba ifikapo mwaka 2000 kila binadamu awe amefikiwa na huduma ya afya. Tanzania haikuwa mgeni katika mambo hayo. Tangu enzi za vijiji vya ujamaa tulikuwa na wahudumu wa afya wa vijiji, watu waliochaguliwa na wenzao, wakapewa mafunzo na sanduku la dawa. Na nani aliambiwa awalipe? Kijiji chenyewe! Kijiji ambacho hakina hata fedha ya kuezeka ofisi ya mwenyekiti ndicho kilichobebeshwa mshahara wa mhudumu. Unadhani walidumu wangapi?

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi wakagundulika Kagera. Mwaka 1993 Serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Weka mambo hayo mawili kwenye mizani moja. Ugonjwa unaomlaza mtu miezi na miaka umeingia, na kitanda cha hospitali nacho kimeanza kudai fedha. Utingo wa lori la Dar es Salaam, mchuuzi wa Kariakoo, fundi wa Mwanza, wakishazidiwa walipakiwa basi au treni ya reli ya kati, wakashushwa Manyoni au Itigi, wakarudishwa kwao kuuguzwa. Waliowauguza ni mama zao na bibi zao, bila glavu, wengine wakivaa mifuko ya nailoni mikononi. Hakuna aliyewauliza hao mabibi kama walimaliza kidato cha nne. Hakuna aliyewalipa pia.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Katika miaka hiyo ikashika kasi miradi ya wafadhili ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Mhudumu alipata mafunzo ya muda mfupi, mkoba, baiskeli, fulana yenye maandishi kifuani, na posho. Mradi ukimalizika, posho nayo ilimalizika. Wagonjwa hawakumalizika.

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo mpya wa huduma za afya za jamii. Safari hii ikasemwa kazi hii sasa ni taaluma, ina mtalaa wake, inasomewa chuoni mwaka mzima, na anayeingia awe amemaliza kidato cha nne. Vijana wakaitikia. Wakasoma. Wakafaulu. Wakarudi nyumbani na vyeti vyao kusubiri ajira, na wengi wao ajira iliyotarajiwa haikuwafikia. Leo utawakuta wengine wakiuza vocha, wengine wakiendesha bodaboda. Cheti cha afya ya jamii kimefungwa kwenye nailoni juu ya kabati, kinasubiri panya.

Ndipo tarehe 31 Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, akazindua mpango mwingine. Jina limebadilika tena: sasa ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka uliofuata, Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa mengine, na wahudumu wa jamii waliokuwa wakiishi kwa posho za miradi hiyo katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, wakaambiwa wakae nyumbani. Nchi gani hii, jamani, ambayo kalamu ikisainiwa Washington mgonjwa wa kijijini kwetu anakosa mtu wa kumtazama?

PIGA HESABU MWENYEWE

Sitaki uniamini mimi. Chukua kalamu.

Nchi ilihesabiwa kuwa na vitongoji 64,384 na mitaa 4,263. Kila kimoja kipate wahudumu 2. Zidisha, utapata wahudumu 137,294, na hiyo ndiyo idadi Serikali iliyoitangaza, kuwapata ndani ya miaka 5. Mafunzo yao yakawekwa miezi 6. Ni mpango mkubwa, na mimi si mtu wa kubeza kila kitu. Wazo ni zuri. Mhudumu 2 kila kitongoji, kuanzia Mwankoko hapa mjini mpaka vitongoji vya mwisho kabisa vya Itigi, ni jambo ambalo tumelingoja tangu Alma-Ata.

Sasa tazama mfuko. Gharama iliyotangazwa kwa miaka hiyo 5 ilikuwa kiasi cha sh. bilioni 899. Zigawe kwa watu 137,294, kila mmoja anaangukiwa na kama sh. milioni 6.5. Zigawe tena kwa miezi 60, unapata kama sh. 109,000 kwa mwezi. Na humo ndimo vinamotakiwa kutoka mafunzo, vifaa, usimamizi, usafiri, na hiyo posho yenyewe. Najua mtetezi wa wakubwa atasema wahudumu hawaanzi wote siku moja. Ni kweli, wanaingia kwa awamu, kwa hiyo hesabu hii haikuonyeshi atakachopewa kila mmoja. Inakuonyesha ukubwa wa chungu kabla watu hawajakaa kula.

Linganisha na kitu unachokijua. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sh. 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri. Viwango hivyo vimetangazwa upya baadaye, lakini wakati mpango wa wahudumu unazinduliwa ndivyo vilivyokuwa sheria. Yaani aliyeajiriwa kudeki na kupika, kwa mujibu wa sheria, alistahili zaidi ya fungu zima la mwezi la mhudumu wa afya pamoja na baiskeli yake!

Na tatizo si ukubwa wa fedha peke yake. Neno lenyewe "posho" lina ujanja ndani yake. Mwenye mshahara ana mkataba. Ana michango ya hifadhi ya jamii. Ana likizo. Akiumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwenye posho ana nini? Mhudumu anayekaa chumba kimoja na mgonjwa wa TB anayekohoa, anayefunga vidonda vya watu, anayeshika sindano zilizotumika, akiambukizwa huyo anafidiwa na nani? Ataambiwa alijitolea. Wahenga walishasema, ahsante ya punda ni mateke.

HAYA MASHARTI YANAPIMA NINI?

Sasa tuje kwenye masharti yenyewe. Nisije nikaeleweka vibaya: sisemi mgonjwa apewe mtu yeyote tu aliyekosa kazi. Anayemgeuza mgonjwa vibaya anaweza kumtegua bega. Anayechanganya dawa anaua. Masharti lazima yawepo. Swali langu ni haya tuliyonayo yanapima kitu gani.

Yanapima karatasi ya shule. Tunaikumbuka vizuri karatasi hiyo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, mpaka ikaundwa tume na matokeo yakapangwa upya. Je, nusu ya vijana wa nchi waligeuka wajinga mwaka mmoja? Walimu hawakuwepo, vitabu havikuwepo, maabara hazikuwepo, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Sasa karatasi hiyo ndiyo iamue nani anaweza kumwogesha bibi yako anayezungumza Kinyaturu na Kiswahili cha kuokoteza!

Namfahamu jamaa mmoja wa Mitunduruni, dereva wa bodaboda, aliyeishia darasa la saba. Baba yake alipata kiharusi. Kwa miaka 3 jamaa huyo alikuwa akiamka saa 10 alfajiri, anamwosha mzee, anambadilisha, anamnyoosha viungo kama alivyoelekezwa na muuguzi siku walipotoka hospitali, anamlisha, ndipo anakwenda kijiweni. Saa 6 anarudi kumgeuza. Mzee alikufa mwaka juzi, na waliomwosha kwa mara ya mwisho walishangaa: mwili haukuwa na kidonda hata kimoja. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukipata mgonjwa wa kulala unamwita yeye. Anakwenda. Anafundisha mabinti wa watu namna ya kukunja shuka chini ya mgonjwa bila kumnyanyua. Lakini kwenye orodha ya wenye sifa, huyo hayumo. Hana kidato cha nne.

Mimi nina kidato cha nne. Nilipopeleka maombi katika ofisi moja, ambayo leo siitaji jina, nilikuwa nimeshagongewa muhuri na mwenyekiti, muhuri mwingine kwa mtendaji, nikatoa kopi za cheti na picha 2 za pasipoti. Nikaambiwa majina yalishapelekwa wiki iliyopita. Tangazo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado siku 4! Hayo majina yalipitishwa na mkutano gani? Mtaani kwetu hakuna aliyesikia mbiu ikipigwa.

Kwa hiyo jamaa mwenye mikono anakosa kwa sababu hana cheti, na mwenye cheti anakosa kwa sababu hana mjomba. Halafu tunaambiwa vijana hatujitumi.

Tazama wenzetu wanavyofanya. Marekani, kwa sheria yao ya shirikisho, msaidizi wa huduma za nyumbani katika wakala anayelipwa na bima ya afya ya wazee anatakiwa apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na saa 16 kati ya hizo ziwe za vitendo. Kisha anapimwa: mwogeshe huyu, mhamishe kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, pima mapigo ya moyo, tukuone. Baada ya hapo kila mwaka anaongezewa mafunzo ya saa 12. Uingereza nako, anayeanza kazi ya kuhudumia wazee haulizwi kwanza digrii. Anachunguzwa rekodi yake ya uhalifu, kisha anafundishwa akiwa kazini. Sisemi huko ni peponi, maana hata wao wahudumu hao hulalamikia ujira. Ninachosema ni kwamba wamepima mikono ya mtu na usafi wa rekodi yake, na siku ya kwanza ya kazi saa ya malipo imeanza kuhesabu.

Hata hapa kwetu njia ipo. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Fundi mwashi aliyejifunzia juu ya jukwaa, seremala wa chini ya mwembe, mpishi, makanika wa gereji bubu, wanapimwa kwa vitendo, wanajaziwa pengo walilonalo, wanapewa cheti. Kama aliyejifunza kwa kujenga anapewa cheti cha uashi, kwa nini aliyejifunza kwa kuuguza baba yake miaka 3 asipimwe? VETA ipo hapa hapa Singida. Wauguzi wa kuwapima wapo Mandewa, wapo Makiungu, wapo Itigi kwa Mtakatifu Gaspar, wapo Iambi. Wekeni kitanda, wekeni mgonjwa, mwiteni yule jamaa wa Mitunduruni mbele ya muuguzi mkuu. Akishindwa, arudi kwenye bodaboda yake. Akifaulu, mpeni cheti chake na mkataba wake.

WEWE UNAYECHEKA, BABA YAKO ATAOSHWA NA NANI?

Najua hapo kijiweni kuna anayecheka. Anasema hii ni kazi ya wanawake, mwanaume mzima utamshikaje mtu nepi.

Nikuulize, bwana mkubwa. Siku baba yako akipooza, na kila mmoja wetu ana baba au mjomba wa kumhofia, ataoshwa na nani? Mama yako? Naye ana miaka 65 na mgongo unamuuma. Dada yako? Ameolewa Shinyanga. Anabaki mkeo. Sasa niambie kwa mila zetu, Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo au Msukuma, ni baba mkwe gani atakubali kuvuliwa nguo na mkamwana wake? Wazee wanakaa na uchafu kutwa nzima wakimngoja mtoto wa kiume arudi, kwa sababu ya aibu. Wengine wanaacha kunywa maji ili wasisumbue. Mtu anakauka ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa kuwa wanaume wa nyumba hiyo wanaona kumwosha ni fedheha!

Na uzito je? Mzee wa kilo 80 asiyejiweza hanyanyuliwi na binti wa miaka 16. Kazi hii inahitaji nguvu, na nguvu ndiyo mali pekee tuliyonayo vijana wa mjini. Tunazitumia kubeba viroba vya alizeti.

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta nchini watu zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ile ya 2022 ikakuta mkoa huu peke yake una watu zaidi ya milioni 2 wa rika zote. Wazee wanaongezeka, kisukari na shinikizo la damu navyo vinaongezeka. Makazi ya wazee ya Serikali hapa mkoani yapo Sukamahela, wilayani Manyoni. Hayatatosha, na wala hatutaki wazee wetu wote wapelekwe huko. Watabaki majumbani. Kazi ipo, tena haitakwisha. Kinachokosekana ni mwajiri mwenye haya.

Wakubwa wenyewe wanalijua hilo. Mama wa mkubwa akiugua Dar es Salaam, haletewi mtu wa kujitolea. Analetwa binti kutoka Iramba au Mkalama. Anaajiriwa kama dada wa kazi, analipwa kama dada wa kazi, lakini usiku analala chini ya kitanda cha mgonjwa. Anapika, anafua, anamgeuza bibi kila saa 2, anampa dawa, na asubuhi anawapeleka watoto shule. Amri ile ya 2022 ilimpa anayelala kwa mwajiri wa kawaida sh. 60,000 kwa mwezi. Kazi 2, mshahara wa nusu kazi. Huyo ni dada yako, ndugu msomaji. Kazi hii ikipata jina, cheti na kima chake cha mshahara, yeye ndiye atakayenufaika kabla yako na yangu.

USIUZE SHAMBA KWA AJILI YA LONDON

Wapo watakaosema, basi tutafute ya nje. Wamekwisha kufuatwa na mawakala wa mjini wenye picha za ndege kwenye simu: lipia kozi ya wiki 6, lipia barua ya mwajiri, utakwenda Uingereza kuhudumia wazee.

Fungua masikio. Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa wahudumu wa wazee Februari 2022. Machi 2024 ikawazuia kuja na wake na watoto. Julai 2025 ikaufunga mlango huo kwa waombaji wapya kutoka nje. Wakati ulipokuwa wazi, watu wengi kutoka Afrika na Asia waliuziwa barua za udhamini kwa fedha nyingi, wakafika wakakuta kazi hakuna. Anayekwambia leo kwamba ana nafasi za viza ile, muulize ni mlango upi anaopitia. Ukiuza ekari za baba yako kwa ahadi ya namna hiyo, atakayelala njaa ni huyo huyo mzee unayesema unakwenda kumtafutia.

TUNADAI NENO MOJA: MKATABA

Sasa tufanye nini? Kulalamika kijiweni hakujamlipa mtu.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3, na mitaa nayo ina mikutano yake. Humo ndimo inamosemwa kwamba wahudumu wanachaguliwa. Vijana hatuendi. Tunawaachia wazee na wapambe wa mwenyekiti, kisha tunashangaa majina yameshapelekwa. Safari ijayo nenda. Kaa mbele. Nyoosha mkono, sema kwa adabu lakini usikae mpaka ujibiwe.

Uliza kwanza: wahudumu 2 wa mtaa huu ni nani, na walichaguliwa tarehe ngapi? Majina yasomwe hadharani.

Uliza pili: wamesaini mkataba na nani? Na halmashauri, na mradi, au na hewa? Kama ni mradi, unamalizika lini, na baada ya hapo nani analipa?

Uliza tatu: wana glavu? Wana barakoa za kuingilia kwa mgonjwa wa TB? Wakiumia nani anawatibu?

Uliza nne: aliyeuguza miaka mingi bila cheti atapimwa wapi, na lini?

Na diwani akisimama kukujibu kwamba Serikali haina fedha, mjibu kwamba haikukosa fedha za kuandika masharti, kuyachapa na kuyabandika mlangoni. Anayejua kuweka masharti ya kazi lazima ajue na kulipa kazi. Mheshimiwa asiyekubali hilo, mwombe aje Jumatatu saa 1 asubuhi, avue koti, apewe beseni na sabuni, aingie chumba cha ndani kumgeuza mzee. Ajitolee yeye kwanza, mwezi mmoja tu. Kisha turudi mkutanoni atuambie kama hiyo ni kazi au si kazi.